Sifichi Chupa Yangu

"Iweke kabatini tu, Washiela. Siku moja. Mama yangu akishaondoka unaitoa."

Igsaan aliyasema hayo akiwa ameegemea mlango wa jikoni, ule mlango uliokatwa kati, nusu ya chini imefungwa, nusu ya juu iko wazi. Yeye nje, Washiela ndani. Ndivyo walivyokuwa wakizungumza tangu wajuane, maana baba yake Washiela alikuwa sebuleni na redio yake, na masikio ya mzee Sulaiman yalikuwa mazima hata kama miguu yake haikuwa mizima.

Washiela alimpa mgongo. Alikuwa anakoroga. Sufuria kubwa ya marehemu mama yake ilikuwa motoni, na ndani yake vitunguu, pilipili hoho nyekundu, tangawizi, kitunguu saumu na siki vilichemka taratibu, vikitoa ile harufu inayopanda puani mpaka machozi yanakulenga. Mtaa wao wa Athlone, huko Cape, uliizoea harufu hiyo. Jumamosi ikifika, majirani walifungua madirisha wakasema binti wa Sulaiman yuko kazini.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Mbona husemi?"

"Nangoja umalize. Labda kuna lingine."

Siku nyingine Igsaan angecheka. Alikuwa na kicheko kinachoanzia machoni, na Washiela alishawahi kutia chumvi mara mbili kwenye mchuzi kwa sababu ya kicheko hicho. Lakini leo hakucheka. Alikuwa anakwaruza rangi ya mlango kwa ukucha, kama mtoto aliyetumwa kupeleka maneno mazito.

"Mama amesikia habari za blatjang yako," akasema. "Kuna mtu aliisifu mbele yake, harusini. Mbele yake, Washiela. Unajua alisema nini?"

"Sema."

"Alisema blatjang bila sukari ni maji ya kuoshea sufuria."

Mwiko ukasimama.

Sasa, blatjang si kitu cha kutania kwa watu wa Cape. Ndiyo chatini yao, nzito, nyekundu iliyoiva, tamu na kali kwa pamoja, na meza isiyo nayo ni kama harusi isiyo na bibi harusi. Na katika blatjang hakuna jina lililozidi la Mama Galiema Samsodien, mama yake Igsaan. Watu wakitaka kuozesha walimuuliza kwanza yeye kama ana nafasi, halafu ndiyo wakaenda kwa imamu. Yake ilikuwa ya aprikoti kavu na sukari inayomiminwa bila huruma. Ya Washiela haikuwa na sukari hata chembe, wala aprikoti. Tunda kavu, Washiela alikuwa akisema, ni sukari iliyovaa nguo.

"Mama yako ameionja yangu?"

"Hapana."

"Basi ladha ya maji ya kuoshea sufuria ameijulia wapi? Huwa anayanywa?"

Igsaan akauma mdomo. "Usinichekeshe. Hili jambo ni zito."

"Sikuchekeshi. Nauliza."

"Kesho wanakuja kukuposa, Washiela. Mjomba Toyer ameshapiga brashi kofia yake. Mama atabeba chupa yake, anaiweka katikati ya meza yenu, na hakuna nyingine inayowekwa kando yake. Ndiyo desturi ya ukoo wetu. Ya bibi yangu ilikaa peke yake siku mama alipoposwa, ya mama mkwe wa bibi vilevile. Ni kama kusema, binti huyu kuanzia leo anakula kutoka mkononi mwetu."

"Na baba yangu atachovya wapi?"

Igsaan angenyamaza ingekuwa heri. Lakini mtu akitumwa hubeba hata yale ambayo hakutumwa.

"Baba atakula kababu zake kavu. Siku moja haiui mtu."

Washiela aliweka mwiko juu ya sahani. Akafuta mikono kwenye aproni, kidole baada ya kidole, ndipo akamtazama. Macho yake yalikuwa makubwa, meusi, na Igsaan alikuwa amezoea kujiona humo ndani akiwa mtu mzuri. Leo alijiona mdogo.

"Mama yangu alikuwa anasema hivyohivyo," akasema kwa sauti ya chini. "Siku moja haiui. Keki moja ya Idi haiui. Harusi ya binti wa jirani haiui. Na kweli, Igsaan. Hakuna hata moja iliyomuua. Zilimuua zote kwa pamoja."

"Washiela, sikuwa na maana..."

"Najua hukuwa na maana. Ngoja nimalize. Baba naye alipokatwa vidole vya mguu kwa ajili ya ugonjwa huohuo wa sukari, aliacha kukaa mezani. Alikuwa anakula amegeukia ukuta, asione sahani za watu. Mzee mzima, anageukia ukuta kama aliyeadhibiwa. Nikasema hapana. Nikaanza na haradali, nikalowesha mbegu kwenye siki mpaka zikavimba. Nikaja kwenye mayonizi, yai na mafuta na mkono usiochoka. Nikaja kwenye sosi ya nyanya. Blatjang ilinishinda. Nilimwaga masufuria. Siku ilipokubali, Baba alichovya, akala, akageuka kutoka ukutani. Akaanza tena kuigombeza redio timu yake ikifungwa. Sasa wewe unaniambia niifiche kabatini, kama kitu nilichoiba."

Kutoka sebuleni redio ilishuka sauti kidogo. Wote wawili waliisikia ikishuka.

"Heshima nitampa mama yako," Washiela akaendelea, taratibu zaidi. "Nitambusu mkono. Nitamkalisha kiti cha mama yangu. Nitamwita Anti mpaka aombe nimpumzishe. Lakini chupa yangu haiingii kabatini."

"Na akisimama akaondoka?"

"Basi atakuwa amejua anaposa nyumba gani."

"Na mimi?"

Hapo sauti ilitaka kumsaliti Washiela. Aliishika. "Wewe una miguu miwili mizima, Igsaan. Utakwenda inakokupeleka."

Igsaan aliacha kukwaruza mlango. Mwanga wa alasiri ulimpiga ubavuni, kwenye shavu, kwenye mikono yake ya fundi wa friji yenye makovu madogo madogo. Washiela alitamani afungue nusu ya chini ya mlango. Alitamani tu. Hakufungua.

"Una kiburi," Igsaan akasema.

"Umekiona leo?"

"Nilikiona siku ya kwanza. Nilikuja kutengeneza friji, ukanisimamisha hapahapa nilipo mpaka sakafu ikauke." Akavuta pumzi. "Mara ya pili nilikuja kuiangalia kama inafanya kazi. Friji ilikuwa imepona, Washiela. Hicho kiburi ndicho kilichonirudisha."

Akaondoka. Hakusema tutaonana kesho, neno ambalo hakuwahi kulisahau.

Washiela alirudi kwenye sufuria. Alijiambia amesema kweli, na kweli alikuwa ameisema. Lakini moyo wa mtu aliyependa hauridhiki na kweli peke yake. Ukaanza kumnong'oneza. Je, asiporudi? Je, yule mama akionja akatema?

Juu ya rafu kulikuwa na kopo la unga wa utamu, ule mweupe usiopandisha sukari mwilini. Kila Jumamosi alitia vijiko viwili, basi. Leo alitia viwili, akaonja. Akafikiria ulimi wa Mama Galiema, ulimi uliozoea aprikoti na sukari. Mkono ukarudi kwenye kopo. Ukarudi tena. Mwisho akapoteza hesabu.

Alipoonja sasa ilikuwa tamu. Tamu kabisa. Tamu kama mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Akamimina kwenye chupa, akafunga, akaiweka kwenye friji, akaenda kulala bila kujipongeza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

*

Wageni walifika Jumapili baada ya swala ya alasiri. Mbele aliingia Mjomba Toyer, kaka yake Mama Galiema, mnene, mwenye kofia nyekundu na maneno mengi. Nyuma yake Igsaan, shati jeupe, macho yakitafuta. Yakampata Washiela kwenye mlango wa jikoni akiwa amevaa kijani na mtandio wa krimu. Walitazamana kwa muda wa mtu kupepesa, na Washiela akaona kwamba hakuwa amelala vizuri. Akafurahi. Akajilaumu kwa kufurahi.

Wa mwisho akawa Mama Galiema mwenyewe. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, aliyenyooka mgongo kama sindano, bangili za dhahabu mkononi, na mikononi alibeba chupa iliyofungwa kwa kitambaa cheupe, akiishika kama mtu anavyoshika kichanga.

Washiela alimbusu mkono. Akamkalisha kiti cha mama yake. Mzee Sulaiman, amevaa suti na kiatu chake maalumu cha mguu mbovu, aliwakaribisha kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi ya kukaribisha tangu asubuhi.

Mama Galiema akafungua kitambaa, akaweka chupa katikati ya meza. Rangi yake ilikuwa nzuri mno, hakuna wa kubisha. Mjomba Toyer akaanza hotuba.

"Ndugu yangu Boeta Sulaiman, wazee wetu walisema, mtu akiona moshi..."

Washiela aliingia na sinia. Samusa za wageni, kababu za baba, na chupa yake. Akaiweka mezani, kando ya ile ya Mama Galiema. Kioo kikagusa kioo.

Mjomba Toyer alisahau moshi ulikuwa unakwenda wapi.

"Hiyo nini, mwanangu?" Mama Galiema akauliza. Sauti ilikuwa laini, laini ya kisu kilichonolewa.

"Blatjang, Anti. Haina sukari. Ni ya Baba, na ya yeyote atakayeipenda."

"Kwetu, siku kama hii, meza moja huwa na blatjang moja."

"Nimeambiwa, Anti. Na kwetu hatuli wengine wakichovya, mmoja akitafuna pakavu."

"Washiela," baba yake akaanza.

"Muache, Boeta." Mama Galiema alinyoosha mkono, bangili zikalia. "Ameileta ili ionjwe. Fungua, tuonje."

Washiela alifungua. Mama Galiema akachukua kijiko kidogo, akachota, akaweka mdomoni.

Kulikuwa na sauti. Sauti ndogo tu, kama mtu aliyekanyaga sukari iliyomwagika sakafuni. Lakini chumba kilikuwa kimya, na kila mmoja aliisikia.

Washiela alitazama ndani ya chupa. Blatjang yote ilikuwa inameremeta. Vipande vidogo vyeupe kama sindano vilikuwa vimesimama humo ndani. Unga wa utamu ukizidi, ukipata baridi, huganda. Alijua. Alijua tangu masufuria yale aliyoyamwaga zamani, na jana alijifanya hajui.

"Mchanga," akasema Mama Galiema.

Mjomba Toyer alikohoa kwenye leso, na kile kikohozi hakikuwa cha mafua.

Uso wa Washiela uliwaka moto. Alitamani kuzama chini ya zulia. Ndipo akaona mkono wenye makovu unapita mbele ya watu, unachukua kababu, unaichovya kwenye chupa yake mpaka katikati. Igsaan aliitia mdomoni, akatafuna. Krr, krr, krr. Alitafuna kwa utulivu kama mtu aliye peke yake kwenye bustani.

"Igsaan," mama yake akasema, "unafanya nini?"

"Nakula, Mama."

"Una meno mangapi?"

"Yanatosha."

Akachovya tena. Macho yake hayakuwa kwenye chakula. Yalikuwa kwa Washiela, na yalisema yale ambayo jana hayakusema mlangoni. Washiela alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na kwa kuwa hakujua aanze na kipi, alisimama wima tu.

"Labda ni friji yao, Mama," Igsaan akasema, bado anatafuna. "Mimi ndiye niliyeitengeneza. Inagandisha kupita kiasi. Kosa ni langu."

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Alichotakiwa Washiela ni kupita tu. Friji, ndiyo, friji. Kila mtu angecheka, na posa ingeendelea.

"Friji haina kosa," akasema.

Igsaan aliacha kutafuna.

"Siku zote natia vijiko viwili vya unga wa utamu, Anti. Jana nilitia mpaka nikapoteza hesabu, na ukizidi huganda ukipoa. Nilitaka ulimi wako unikubali."

"Uliniogopa?"

"Niliogopa kumkosa mwanao." Lilitoka lenyewe, mbele ya baba yake, na halikuwa na pa kurudi. "Kwa hiyo nikaharibu kazi yangu kwa mkono wangu. Ile ya vijiko viwili ndiyo yangu, na hiyo siionei haya. Hii uliyoonja ni ya mtu mwenye hofu. Ukisema ni mchanga, ni mchanga kweli. Ukisema ile ni maji ya kuoshea sufuria, nitakuomba uionje kwanza."

Mzee Sulaiman aliangalia kiatu chake, na kwenye kona ya mdomo wake palikuwa na kitu ambacho angekikana kama angeulizwa.

Mama Galiema alitazama kijiko. Akakirudisha mdomoni, akakinyonya polepole, safari hii macho yamefumbwa. Mtu aliyepika maisha yake yote hawezi kujizuia.

"Siki hii ni ya nini?"

"Ya matufaha."

"Giligilani umeikaanga?"

"Kavu, kabla ya kusaga."

"Hmm." Akanyonya tena. "Aprikoti hukutia. Huu uzito umeutoa wapi?"

"Lozi, Anti. Nimesaga lozi."

Mama Galiema alifumbua macho.

"Nani kakufundisha lozi?"

"Hakuna mtu. Nilijaribu vitu vingi. Lozi ndiyo iliyokubali."

"Bibi yangu alikuwa anasaga lozi," akasema, na mgongo wake uliegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kwa jiwe. Sisi tukaacha. Aprikoti ilikuwa nyepesi, na watu walipenda utamu." Akasimama. Akazivua bangili moja baada ya nyingine, akampa kaka yake azishike. "Nipeleke jikoni."

"Galiema, nilikuwa katikati ya hotuba," Mjomba Toyer akasema.

"Wahutubie hizo samusa. Zinasikiliza vizuri."

Jikoni, Mama Galiema alichagua aproni bila kuuliza, akaimimina chupa yote ya Washiela kwenye sufuria, akawasha moto mdogo kabisa.

"Kilichoganda hakirudi kwa machozi. Kinarudi kwa moto wa taratibu na siki kidogo. Hata jamu ni hivyohivyo. Nikatie vitunguu, ili ule utamu uliozidi upate wa kugawana naye."

Washiela akakata kimoja.

"Ongeza. Vitatu. Kitunguu ukikipa muda hutoa utamu wake chenyewe. Nyinyi vijana mna haraka, ndiyo maana mnakimbilia makopo."

"Vitatu vina sukari nyingi kwa Baba. Kimoja."

"Viwili."

"Kimoja, Anti. Na hoho moja."

Mama Galiema aligeuka na mwiko mkononi. "Unabishana na mimi mbele ya sufuria?"

"Ndiyo, Anti. Mbele ya sufuria tu. Kwingine kote nitanyamaza."

"Hutanyamaza. Nimekuona." Lakini alikikaanga kile kimoja, taratibu mno, mpaka kikawa na rangi ya dhahabu iliyochoka, ndipo akakitia. Wote wawili waliinama juu ya sufuria. Zile sindano nyeupe zilianza kuyeyuka, moja moja, kama hazikuwahi kuwapo.

"Unadhani nimeileta ile chupa kwa majivuno?" Mama Galiema akauliza, bila kuinua macho.

Washiela alifikiri. "Ndiyo, Anti."

"Sawa. Ni kweli. Mume wangu alipofariki, watu walinionea huruma, na mimi sipendi huruma. Nikapika. Nilipopika, wakaacha kunihurumia, wakaanza kunisimamia waniachie kiti." Akakoroga. "Kwa hiyo najua unalinda nini. Nilikuwa sijategemea kukikuta kwa mtoto."

Washiela alimsogezea siki.

"Wanawake wawili wenye kiburi, nyumba moja," Mama Galiema akaendelea. "Mwanangu atapona?"

"Ana friji za kutengeneza. Mchana kutwa atakuwa nje."

Mama Galiema aligeukia dirisha haraka, lakini mabega yake yalimsaliti. Alikuwa anacheka. Na kile kicheko, Washiela aliona sasa, kilianzia machoni.

Walirudi sebuleni na bakuli, blatjang ikiwa bado ya moto. Mama Galiema aliiweka yeye mwenyewe, kando ya chupa yake, akainua mkono kabla Mjomba Toyer hajafungua mdomo.

"Boeta Sulaiman kwanza."

Mzee Sulaiman alichukua kababu, akachovya, akala. Alichovya tena, kisha tena, mbele za watu, ameketi katikati ya meza yake kama mwenye nyumba. Mama Galiema alikuwa anamtazama akila. Alimtazama mpaka mwisho, na baadaye akachukua samusa yake mwenyewe, akasita juu ya vyombo viwili, akachovya kwenye bakuli.

"Hii siwezi kuiita blatjang," akasema. "Mtaitafutia jina. Lakini si maji ya kuoshea sufuria. Hilo nalirudisha."

"Tramakasie, Anti," Washiela akashukuru.

Mjomba Toyer akarudisha bangili, akanyoosha kofia, na kwa kuwa moshi wake ulikuwa umepotea moja kwa moja, alikwenda kwenye jambo lenyewe. Wamekuja kumuomba binti wa nyumba hii, Washiela, kwa ajili ya kijana wao, Igsaan. Ni fundi, anaswali, hana deni la mtu wala la moyo.

Mzee Sulaiman alimgeukia binti yake.

"Umesikia, mwanangu. Unaijua sheria yetu. Binti akiulizwa akanyamaza, amekubali, wala hatumlazimishi kusema. Mimi baba yako nakuuliza."

Chumba kikatulia. Kila mtu akasubiri ule ukimya mtamu, ukimya wa mabinti wote wa ukoo huo na wa ukoo ule. Mjomba Toyer alikuwa ameshainua viganja kwa ajili ya dua. Igsaan alikuwa amefumba macho.

"Baba," Washiela akasema.

Viganja vya Mjomba Toyer vikabaki hewani. Igsaan alifumbua macho, na rangi yote ikamtoka usoni. Binti akiulizwa haongei ila kama anakataa. Hata Mama Galiema aliweka samusa chini.

Washiela alisimama.

"Haya ninayo, Baba, wala siidharau sheria. Lakini hili sitaki mtu aje kulisoma kwenye ukimya wangu, akabahatisha." Akamgeukia Igsaan, akamtazama wazi, mbele ya wazee, kwa mara ya kwanza bila mlango katikati. "Nimemkubali. Nimemkubali kwa mdomo wangu, na nimesimama."

Igsaan alifunika uso kwa mikono yake miwili, na mabega yakawa yanapanda na kushuka.

Mjomba Toyer alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, viganja bado viko juu. "Kwa hiyo... tunasoma dua au hatusomi? Maana mimi katika posa zangu zote sijawahi kusikia binti..."

"Basi leo umesikia," Mama Galiema akasema. Alikuwa amenyooka tena mgongo, kidevu kimepanda, na alimwonyesha Washiela kwa mkono mzima, kama mtu anayewaonyesha wageni kitu cha thamani cha nyumbani kwake. "Mkwe wangu ndivyo anavyosema. Soma dua, Toyer."